Kapasita Zilizoacha Kuuma

Nilitoka Mpanda kwa treni. Tabora behewa letu lilikatwa likaachwa, nikalala kwenye benchi la stesheni, kisha nikapanda lori la mbegu za alizeti hadi Dodoma, na kutoka hapo basi mpaka Dar es Salaam. Ndani ya boti ya kuvukia Unguja nilitapika mbele ya mama mmoja wa makamo. Alinipa ndimu niinuse, akasema, "Pole mwanangu. Bado hujafika, ushaanza kutuachia vitu."

Begi langu lilikuwa na chuma cha kulehemu, mita ya kupimia umeme, bisibisi, cheti cha kidato cha nne na nguo chache. Nilikuwa nimeshatengeneza redio Tabora, Mbeya na Arusha, na kote niliondoka kabla watu hawajanizoea. Unguja nilidhani ningekaa msimu mmoja. Nilikaa miaka, na mpaka leo, nikipita mahali penye harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa na kahawa chungu kwa pamoja, huwa nageuka.

Duka la ufundi nililokwenda kuomba kazi lilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya soko la Darajani. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa Tumbatu aliyehamia mjini ujanani, mrefu, mwenye vidole vilivyoungua hata havisikii tena. Ng'ambo ya kichochoro kulikuwa na baraza, na wazee wa baraza walikuwa wakinywa kahawa wakimtazama kama wanavyotazama mpira.

"Shikamoo Fundi," nilimsalimia.

"Marahaba. Watokea wapi?"

"Bara. Mpanda."

"Mpanda kuna umeme?"

"Upo, Fundi."

"Haya, daka!"

Akanirushia kitu. Nikakidaka. Ilikuwa kapasita, kile kikopo chenye miguu miwili kinachoweka umeme tumboni hata baada ya waya kuchomolewa, naye alikuwa ameijaza makusudi. Mkono ulikakamaa hadi begani, nikaanguka juu ya TV. Barazani walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa yake.

"Huo ndio umeme wa Unguja," Fundi alisema. "Karibu, Bara."

Tangu hapo jina langu likawa Bara. Ile ndiyo ilikuwa desturi yake. Kila fundi mgeni alidakishwa, na kila mteja mbishi. Hata mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, alidakishwa akiwa mdogo, akajikojolea mbele ya baraza zima, na kisa hicho kilisimuliwa mbele yake hadi alipoota ndevu.

Huyo mpwa ndiye aliyerithi duka kutoka kwa mama yake. Alikaa mtaa wa Amani na kuuza simu huko, na hakuwa na haja na redio. Lakini duka lilikuwa na meza moja ya mvule mlangoni, mahali pekee palipofikiwa na mwanga wa jua. Sisi wengine tulifanya kazi ndani, chini ya balbu. Meza hiyo ilikuwa ya Fundi tangu dada yake yu hai. Siku moja mpwa alikuja akasimama katikati ya kichochoro ili baraza lisikie.

"Mjomba, meza ni yako maadamu vitu vinatoka vizima. Siku watu wakianza kurudi na malalamiko, ntaweka hapo kabati langu la simu."

"Siku hiyo utakuwa wanizika," Fundi alijibu.

Wazee walitikisa vichwa, wakafurahi. Sasa walikuwa na kitu cha kusubiri.

Zamani kazi yetu ilikuwa rahisi kuelewa. Umeme uliingia kwenye kitu kama maji kwenye mtaro. Palipoziba unazibua, palipokatika unaunga. Fundi alikuwa akinusa transfoma tu na kujua imeungua upande gani. Kisha vikaanza kuletwa vitu visivyo na transfoma nzito. Ndani yake mna aisii, kipande kidogo cheusi chenye programu, na kazi yake ni kugawa umeme. Inapima unaoingia, inampa kila mmoja fungu lake, inapunguza, inaongeza, na isiporidhika inafunga kila kitu na kukaa kimya. Unaweka mita, kila kipande kizima, lakini kitu hakiwaki. Ukitaka kujua sababu, uunganishe kompyuta uisome, au uhesabu taa inamwekamweka vipi.

"Umeme hauna akili," Fundi alikuwa akisema. "Wenye akili ni sisi."

Dawa yake ilikuwa moja: kupiga dairekti. Kinga ikikatalia umeme, unairuka, unaunga waya moja kwa moja. Kwa mafriji ya zamani ilifaa, na mji mzima ulikuwa ukinywa maji baridi kwa dairekti zake.

Kisha akaja Bi mmoja kutoka Jambiani, mnunuzi wa pweza. Alikuwa akikusanya pweza kwa wavuvi na akina mama wa pwani, akawagandisha pweza hao, akawauza mahotelini. Friza lake lilikuwa jipya na limegoma. Tulikwenda naye, Fundi na mimi.

Friza lilikuwa limejaa. Lilikuwa kimya, na taa ndogo nyekundu mbele yake ilikuwa inamweka, inapumzika, inamweka tena. Niliitazama balbu ya nyumba. Ilikuwa njano kama kiini cha yai. Arusha niliwahi kuona friza la namna hiyo kwenye hoteli moja, ingawa sikulifungua mimi.

"Fundi," nilisema, "nadhani hili halina ubovu. Limeona umeme mdogo, limejifunga. Tusubiri umeme utulie."

"Tusubiri?" Bi alidakia. "Pweza hawajui kusubiri, baba."

"Msamehe, Bi," Fundi alisema. "Huyu ni wa bara. Kazoea kusubiri treni."

Bi alicheka. Fundi akakata waya za bodi, akaziunga za kompresa moja kwa moja kwenye umeme. Sasa kompresa za siku hizi hazili umeme wa ukutani. Zinalishwa na ile bodi, kwa kipimo chake. Ilinguruma kama mtu anayekabwa, ikatoa harufu, ikanyamaza.

"Ilikuwa imeshakufa," Fundi alisema.

Tulipokuwa tunafunga begi, balbu ikawa nyeupe. Upande wa pili wa ukuta, kwa jirani, friza kama lile lile likaanza kuvuma lenyewe. Hakuna aliyeligusa. Bi alisikiliza. Akaitazama balbu, akazitazama waya zilizokatwa, kisha akamtazama Fundi. Akatufungulia mlango.

Ijumaa asubuhi alikuja mjini na buibui lake safi na ndoo yenye kifuniko.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, Bi."

"Umeamkaje?"

"Salama. Habari za Jambiani?"

"Njema. Wanakusalimu. Nimekuletea kitoweo."

Akafunua ndoo akaimwaga yote juu ya meza ya mvule. Harufu ilijaza kichochoro. Maji ya pweza waliooza yalizama kwenye nyufa za mbao, yakachuruzika kwenye mapaja ya Fundi.

"Mpige dairekti huyo pweza, Fundi!" sauti ilitoka barazani. "Huenda akaamka!"

"Taratibu yakhe, ataunguza na kompresa!"

Bi alifunika ndoo yake tupu, akawaaga wazee kwa heshima, mmoja mmoja, akaondoka. Fundi alivua shati akafutia meza. Alifuta muda mrefu, mgongo wake wazi mbele ya watu waliokuwa wakimwita bingwa.

Mpwa alifika baada ya sala.

"Mjomba, ulisemaje siku ile?"

"Nilisema utanizika."

"Basi Mwenyezi Mungu akurehemu." Akanigeukia. "Bara, kaa wewe kwanza."

Nilikaa. Mwanga ulikuwa mzuri.

Fundi alihamia barazani. Kila siku alikuja saa ile ile ya kazi, na bisibisi mfukoni mwa shati, akakaa mwisho wa benchi. Wale wazee walimwita Fundi Dairekti, wakamtuma maji. Mimi nilipata kompyuta iliyotumika, nikajifunza kuzisoma zile aisii. Sijui watu walidhani napata nini humo. Mara nyingi nilichosoma ni kwamba aisii imefungwa na walioitengeneza, haikubali mkono mwingine. Nikamwambia mwenye TV: kitu chako kizima, ila hakitaki. Akaenda kukitupa.

Asubuhi moja mpwa alikuja na wauzaji wake wa simu. Nilikuwa ndio kwanza nimechomoa bodi ya TV na kutoa kapasita yake kubwa. Akaichukua mezani.

"Mjomba! Daka!"

Mikono ya Fundi ilidaka yenyewe. Alifumba macho, akauma meno, mabega yakapanda hadi masikioni. Alingoja hivyo, na baraza zima likamwangalia akingoja. Hakikutokea kitu. Ndipo wakaangua kicheko, na mpwa alicheka kuliko wote, ameshika magoti.

Fundi alifumbua macho. Akaigeuza kapasita kiganjani.

"Bara, mbona haiumi?"

"Bodi za siku hizi hujimwaga zenyewe, Fundi. Ukichomoa tu, programu inautoa umeme wote."

"Angalau ingeuma," alisema.

Nilizima chuma cha kulehemu, nikakisubiri kipoe, nikakitia begini pamoja na mita. Boti ya mchana ilikuwa bado haijaondoka. Nilivuka kichochoro nikamwambia Fundi meza iko wazi, akakae.

"Nenda, Bara," alijibu bila kunitazama. "Kwenda ndiko unakokujua."

Kwenye kona niligeuka. Wauzaji walikuwa wameshalisimamisha mlangoni kabati la kioo walilokuja nalo, na mwanga ulikuwa unapiga kwenye makava ya simu. Meza ilikuwa imetupwa kichochoroni, miguu juu. Fundi alikuwa amesimama kando yake, na paka wawili walikuwa wamejikunyata kati ya miguu ya meza, wakilamba nyufa zilizokunywa maji ya pweza.