Shimo Chini ya Jiko

Orpah aliolewa katika nyumba ile ya Kebirigo akiwa msichana. Humo alizaa, na humo akafiwa na mume. Sakafu ya jikoni ilikuwa imepasukapasuka, na kila mwaka alisema ataiwekea vigae. Posa ya bintiye Edinah ilipokaribia, akamwita fundi Osoro.

Osoro alianza kwa kubandua saruji iliyolegea, maana kigae hakishiki juu ya kitu kinachotikisika. Alibandua, akagonga kwa nyundo, akasikiliza. Alipokaribia jiko la gesi, mlio ukabadilika. Akagonga tena kidogo tu, kisha akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Mama, toka hapo ulipo. Chini yako ni patupu."

"Nimepikia hapa tangu watoto wakiwa wadogo."

"Najua. Toka kwanza."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtia Orpah hofu. Alizima moto wa maharagwe, akatoka huku akishika ukuta.

Wakamwita Obadiah, shemeji yake, aliyeijenga nyumba pamoja na marehemu. Alikuja na kikapu cha kuchumia chai mgongoni, lakini jikoni hakuingia.

"Palikuwa na shimo la choo," alisema hatimaye. "Tulipoongeza jiko tulilaza magogo ya mkaratusi juu yake, tukamwaga saruji."

"Mume wangu alijua?"

"Yeye ndiye aliyesema tufunike."

Akilini Orpah aliwaona wanawe wakitambaa pale, mmoja baada ya mwingine, na baba yao ameketi akinywa uji, anawatazama.

Osoro alisimama mlangoni, akaipiga sakafu kwa mtaimbo mrefu. Kipande kikakatika, kikazama, na ikapita kitambo kabla hawajasikia kikitua. Harufu ikapanda. Magogo yalikuwa yamelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Walijaza mawe na udongo, wakashindilia. Mvua zikaja. Udongo ukadidimia, wakajaza tena, ukadidimia tena. Kisha ufa ukaonekana ukutani, upande wa chumba cha kulala.

"Siweki vigae hapa," Osoro alisema akikusanya vyombo vyake. "Sijui shimo hili linaishia wapi."

Posa ilipokelewa kwa Obadiah. Orpah alihamishia kitanda chake kwenye jiko la nje, lenye moshi na sakafu ya udongo. Mlango wa nyumba kubwa aliufunga kwa kufuli. Ufa sasa umefika dirishani.