Usinga Uliokwenda Duarani

Nianze na mchezo, maana bila mchezo hasira yangu haitaeleweka.

Kila Jumapili mchana, baada ya ibada, tulikuwa tukikutana wanne nyuma ya kibanda changu cha cherehani hapa Katoro: mimi, msusi jirani yangu, dereva mmoja wa bodaboda, na rafiki yetu broka wa dhahabu, mwenye hisa katika duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Mchezo tuliletewa na mdogo wangu aliyekuwa akisoma Mwanza. Kila mchezaji ana shujaa wake wa kubuni. Mimi ndiye msimulizi: nasema wanachokiona, wao wanasema mashujaa wao wanafanya nini, na penye mashaka dadu linaamua. Hakuna ubao wala kete. Kuna maneno, dadu na karanga.

Wazimu wa mchezo huu uko kwenye vitu vya ajabu ambavyo mashujaa huviokota njiani: upanga unaowaka, pete ya kumficha mtu, kibuyu kisichokauka. Msimulizi mgeni huvigawa kama pipi, na baada ya mwezi kila shujaa ni mungu mdogo na mchezo umekufa. Mimi nilijifunza mapema kwamba kitu cha ajabu hakipo kwa ajili ya kumwongezea mtu nguvu. Kipo ili tuone atafanya nini akishakipata. Kwetu Usukumani hilo si jambo geni, dawa yoyote ina masharti, na anayeyavunja huonekana.

Siku moja nikaleta mezani usinga wa babu, mkia mweupe wenye mpini wa ngozi. Babu alikuwa manju wa ngoma huko Kishapu, akishindana na manju wenzake baada ya mavuno, na mshindi alikuwa yule aliyejaza watu wengi upande wake. Alipopunga usinga ule, watu waliwahama wapinzani wake wakamjia. Wengine walisema ni dawa iliyofichwa mpinini. Mama alinikabidhi nimshonee ngozi ya mpini iliyokuwa imechanika, nami nikaishona kwa uzi wa kijani kwa sababu ndio niliokuwa nao. Tulikuwa tunajiandaa na kumbukumbu ya babu, na mama alitaka acheze akiwa ameushika. Goti lake lilikuwa limeshachoka. Alisema akishacheza siku hiyo hachezi tena.

Mezani tuliutumia kama zamu: aliyeushika ndiye anayezungumza. Broka aliupenda mno. Aliuliza maswali mengi kuhusu babu, nami kwa ujinga wa fahari nikajibu yote. Jumapili ile tulipoagana, usinga haukuonekana.

Alitusaidia kuutafuta, yule mwizi. Aliinama chini ya meza, akapekua mabaki ya vitambaa, akaapa kwa jina la mama yake mzazi. Nilimpa pole ya usumbufu! Hadi leo pole ile inaniwasha kooni.

Aliyenifumbua macho ni mama ntilie anayepika chakula machimboni, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuja kupunguza gauni akaniambia duara la broka limefungwa dawa mpya mdomoni, usinga mweupe wenye mpini wa uzi wa kijani.

"Kijani gani?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole kwenye rafu yangu ya nyuzi. "Kile pale."

Kwenda kuudai ilikuwa kazi bure. Wachimbaji hawamfungulii mtu dawa ya duara, na mwanamke akisogea mdomoni mwa shimo wapo wanaosema dhahabu inakimbia. Lakini nilipokuwa nambana yule mama gauni kiunoni kwa pini, nilicheka. Mjinga yule alikuwa amechukua dawa ya ngoma akaipeleka kutafutia dhahabu. Dawa ya ngoma haijui dhahabu. Kazi yake ni kuvuta watu.

"Nenda ukaisifie," nikamwambia. "Kila anayekula kwako, mwambie duara lile lina dawa isiyo na mfano."

Jumapili iliyofuata shujaa wa broka aliokota usinga pangoni. Nilieleza polepole: mkia mweupe, mpini wa ngozi, uzi wa kijani. Msusi akashangilia. Broka akaacha kutafuna karanga.

"Una masharti?" akauliza.

"Unamtumikia aliyekabidhiwa na mwenyewe. Mwingine akiushika, hautoki mkononi. Na unaita."

"Unaita nini?"

"Rusha dadu."

Ukaita watu. Kila Jumapili niliwaongeza. Walitoka vijijini, wakalala mlangoni kwa shujaa wake, wakala chakula chake, wakamuuliza chetu kiko wapi. Alipiga panga, alikimbia, alivuka mto, nao wakavuka. Na huko machimboni, mama ntilie akifanya kazi yake vizuri, watu wa kweli walimiminika. Wakachimba kushoto kwake, wakachimba kulia, mpaka duara lake likabaki halina pa kutupa hata udongo. Bodaboda alituletea habari hizo huku akicheka, bila kujua lolote. Broka alinitazama mimi. Nami nikamtazama bila kupepesa, roho yangu imetulia kabisa.

Alikuja siku ya kazi, peke yake, na kifurushi cha gunia.

"Dada, nimekosa. Shetani tu. Nakuomba umfungue yule shujaa wangu, maana nikiondoka mezani hivi hivi, haya mambo yatanifuata."

Nilifungua gunia. Ulikuwa mpini mtupu, na uzi wangu wa kijani. Singa zote za mkia zilikuwa zimenyolewa.

"Wenzangu waligawana," alisema akiangalia chini. "Kila mmoja alitaka hirizi yake."

Niliusogeza mkasi mbali. Niliona ukibaki karibu nitamchoma nao.

Siku ya kumbukumbu mama aliupokea mpini ule kwa mikono miwili. Aliugeuza, akapapasa pale mkia ulipokuwa. Nilitaka ardhi inimeze. Kisha akauinua akacheza, anapunga hewa tupu, goti linamsaliti kila hatua, na watu wakajaa mpaka ukuta wa zizi. Alipoketi aliniambia, "Wabeja, ng'wanawane." Ahsante, mwanangu. Shukrani ile ndiyo iliyonimaliza.

Jumapili iliyofuata broka aliwahi kufika.

"Usinga nimesharudisha," alisema. "Tumemalizana?"

"Kaa. Tucheze."

Nikawaambia kwamba wale watu mlangoni wamechoka kungoja, na sasa kila mmoja anataka kipande chake aende nacho nyumbani. Wa kwanza aliomba nywele. Rusha dadu. Wa pili ndevu. Wa tatu sauti. Msusi alininong'oneza, "Dada, inatosha." Haikutosha. Broka bado anakuja kila Jumapili, anaogopa kuja na anaogopa zaidi kutokuja, na anarusha dadu kila ninapomwambia. Shujaa wake sasa haoni, hasemi, hatembei. Nimembakizia mkono mmoja, wa kushikia mpini.