Ukungu wa Udi

Naungama. Juzi nilipiga picha za harusi ya Rehema, jirani yangu hapa Mississauga, ughaibuni, kwa kamera niliyoazima kwa shemeji yangu Hamisi. Asubuhi nilijaribu kupiga anga juu ya ziwa nikaona kidoa cheusi kikinifuata katika kila picha. Vumbi lilikuwa limekaa kwenye sensa, kile kioo cha ndani kinachopokea picha. Hamisi alishanionya: pulizia hewa kwa kile kipira chake, usiguse kamwe.

Kipira sikukiona. Nikatoa kabatini kanga moja, kati ya zile ninazozitia mafuta ya udi ili nyumba inukie kama kwetu Tanga, nikapangusa taratibu kwa pindo lake, nikijiona fundi.

Kidoa kikatoka. Lakini kule harusini, bibi harusi naye akatokea pichani amezungukwa na mwanga mwororo, shela lake likayeyukia kwenye theluji iliyo nyuma yake, wageni wakaelea kama watu wa kukumbukwa tu. Nikazitazama zile picha mpaka nikasahau kupiga nyingine.

“Dada, umefanyaje hapa?” Rehema akaniuliza, akichungulia picha kamerani. “Kama ndoto.”

“Ndiyo mtindo wangu,” nikajibu, mjinga mimi, tena kwa sauti ya unyenyekevu. Akawaita shangazi zake wote waje waone.

Hamisi, aliyekuwa mwalikwa, akaja nao. Akatazama. Akaichukua kamera, akafungua lenzi, akainamisha pua.

“Shemeji,” akasema, shangazi wote wakisikiliza, “mbona ndani ya kamera yangu kunanukia udi?”