Kibao Alichokipasua Kuang Bingrui

Kuang Bingrui hakupasua kibao cha Konfyusi, ubao wa jina la mwanafalsafa huyo uliosujudiwa hekaluni. Wanaosema alikipasua ili aponye roho yake hawakuwapo, au walikuwapo wakainamisha macho. Mjane wake, Mwalimu Shen Yuzhen, aliusikia uzushi huo mle mle hekaluni, kinywani mwa binti aliyekuwa akiwatembeza wageni.

"Mjukuu wangu," alimkatiza, "huyo mtunza hekalu unayemsengenya alikuwa mume wangu."

Akawaeleza. Kiangazi cha mwaka 1966, vijana wa mapinduzi waliopinga mambo ya kale, wenye vitambaa vyekundu mikononi, walikuwa wamekwisha kuponda sanamu kwa nyundo na kumng'oa meno mpiga kengele. Bingrui alijua zamu ya kibao imefika. Akakificha chini ya pipa la pumba za nguruwe, na mahali pake akasimamisha kibao cha marehemu baba yake, kilichokuwa cheusi kwa moshi wa ubani hata jina halikusomeka. Kukipasua kibao cha baba ni kumpasua baba mwenyewe kichwa. Alilijua hilo walipomtia shoka mkononi. Akapiga, kikapasuka.

Yaliyofuata Yuzhen hakuwaeleza wageni. Umati ulishangilia, isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa mbele. Kila mwaka mpya alikuwa akikipigia magoti kibao kile. Aliviinamia vipande.

"Baba mkubwa," alinong'ona, "huyu si babu?"

"Ndiye. Nyamaza, kama u mjukuu wake."

Wenzake wakauliza wananong'onezana nini. Kijana, ili wasimshuku, akavua mkanda. Pigo la kwanza la bizimu ya shaba lilimchana Bingrui paji la uso. La pili likamtoa jicho. Wengine wakamrukia kwa mateke na vipande vya matofali, mbavu zikilia kama kuni kavu, hadi damu ikafuata mifereji ya mawe ya ua. Yuzhen, mikono imeshikiliwa nyuma, alitazama mpaka mumewe alipoacha kutikisika. Siri ya kibao haikutoka.

"Walimpiga hadi kufa hapa uani," ndivyo alivyowaambia wageni. "Na kibao kilichomo humo ndani ndicho chenyewe, hakina ufa."

Yule binti alifuta macho. "Samahani, Bibi. Nitawaambia watu ukweli. Lakini nani alianza kumpiga?"

"Hilo sitalisema."

"Hata kwa ajili ya mzee wetu aliyeuawa?"

"Nimesema sitalisema. Nipishe nipite."