Mzani umefunguliwa, kosa ni programu yangu

Mzani wa mashine ya kukamua alizeti hapa Utemini uko sakafuni, vipande vipande.

Mimi ndiye niliyesema ni mbovu.

Kila gunia likipandishwa, programu yangu inaiita programu ndogo ya mzani, inasoma majibu, inaganda. Fundi wa mashine, mzee mmoja, akachukua spana akaufungua.

Nikaijaribu ile programu ndogo peke yake. Inajibu papo hapo!

Kumbe yangu inasoma herufi moja moja, kila herufi inaacha takataka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, halafu programu inasimamisha kazi ili izifagie.

Nikarekebisha.

Nikamwamkia fundi tena, ingawa tulishaamkiana asubuhi.

“Marahaba. Kuna nini?”

“Mzani ni mzima, mzee.”

Akatazama nati mkononi.

“Ulikuwa.”

Wakulima wa Ilongero wamekalia magunia, wananitazama. Programu sasa inakimbia, haina cha kupimia.

Nyie mngekuwa mimi, mngesimama wapi?