Nilivyovuka kinamasi cha Masisi nyuma ya ng'ombe ya mahari

Wakuu, habari ya kwenu. Mimi ni shoferi, naishi Katoyi hapa Goma. Hii haikuhadithiwa na mutu, ilinipata mwenyewe.

Mudogo wangu alikuwa anaoa kule milimani Masisi. Wakwe walisema ng'ombe ifike mbele ya saa sita. Ikichelewa, wazee wanaondoka, na kuna familia ingine ilikuwa inamutolea binti macho. Mudogo wangu alikuwa hata halali.

Nikaiosha ng'ombe kwa sabuni (ndiyo, chekeni), nikaipakia kwenye pick-up pamoja na muzee Bahati, muchungaji wa ng'ombe za baba yetu.

Tukakuta mulima umeporomoka, barabara imefunikwa. Njia iliyobaki ni bonde la kinamasi.

Muzee akaniomba tushushe ng'ombe itangulie, kwani haikanyagi mahali inazama. Nikakataa. Ng'ombe ya mahari ifike na matope mpaka tumboni? Aibu gani hiyo!

Mbele niliona majani mabichi, sawa kama uwanja wa mupira. Nikatia première, gia ya kwanza, nikaenda.

Wapi! Gari ikakaa kwa tumbo.

Ilikuwa saa tatu. Nilijikasirikia vibaya sana, lakini kurudi Goma hapana. Tulichimba, tukaweka mawe na matawi chini ya magurudumu, tukasukuma mpaka mikono ikachubuka. Saa ine na nusu gari ikatoka.

Sasa nikashusha ng'ombe bila kubishana.

Muzee alilegeza kamba. Ng'ombe ikanusa, ikasimama, ikakata kushoto kwenye majani makavu, mabaya, mahali mimi nisingepita kamwe. Nikafuata kwato zake polepole, bila kuachilia pedali ya mafuta. Maji yaliingia mlangoni, lakini chini kulikuwa kugumu.

Tulifika saa sita ikigonga, wazee wakiwa wanasimama waondoke.

Baba mukwe aliizunguka ng'ombe, akagusa matope tumboni. Mudogo wangu aliangalia chini. Nikaeleza yote, kosa ni langu.

Baba mukwe akasema: "Imeshajua njia ya kwetu. Hii hairudi tena."

Mudogo wangu alilia mbele ya watu wote. Na mimi pia, nisiwadanganye.

Funzo: kwenye kinamasi, sikiliza mwenye kuchunga kabla ya kusikiliza moteri yako. Muzee Bahati hakunisimanga hata neno moja, na hicho ndicho kinaniuma mpaka leo.

Wenye kuendesha huko milimani, nyinyi munapimaje udongo? Semeni hapa chini.