Kikapu cha Dirishani

Harufu ya kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, iliyorowa mvua hunirudisha kwenye dirisha letu la ghorofani, mtaa wa Mkunazini, nilipokuwa darasa la saba. Pale kilining'inia kikapu cha ukili. Mama hakushuka ngazi kwa jambo dogo. Alikiteremsha, mchuuzi akatia ndimu, naye mama akakivuta juu. Bi Salma wa chini akitaka mbuzi ya kukunia nazi, aligonga ukuta tu, kikapu kikashuka.

Mama na wenzake wa mtaani walishona nguo za maharusi kwa cherehani moja, tena mbovu. Wakasikia anakuja mgeni wa Kizungu kukopesha vikundi vya akina mama. Mjomba, aliyekijua Kiingereza kwa kutembeza watalii, akajitolea.

"Dada, nitakusemea mimi."

"Ulinisemea siku ya posa yangu," mama akajibu bila kuinua macho. "Inatosha."

Mjomba akacheka. Nami nikacheka, bila kujua nachekea nini.

Basi mimi nikawa mwalimu wa mama. Kiingereza changu cha shule alikimeza chote isipokuwa maneno mawili: "borrow", kukopa, na "lend", kukopesha. Kila siku yalibadilishana viti kinywani mwake. Mwisho nikamwambia atazame kikapu. Kikishuka na kitu chetu, "lend". Kikipanda na cha mwenzetu, "borrow".

Mtaa mzima ukasoma. Mbuzi ikashuka: "Lend!" Pilipili zikapanda: "Borrow!"

"Shoga, huyo Mzungu wa ghorofani kala nini leo?" Bi Salma akapiga kelele.

"Kala pilipili zako. Nshaziborrow!"

Kichochoro kikaangua kicheko.

Siku ya mkutano na mgeni yule, mjomba alikaa mstari wa mbele, tayari kuinuka. Mama akasimama. Alianza vizuri, kisha akafika kwenye maneno yale mawili, yakamponyoka. Mjomba akajongea. Hapo nikaiona mikono ya mama: polepole ikavuta kamba ambayo haikuwepo.

"Today, we borrow."

Mikono ikageuka, ikateremsha.

"Tomorrow, we lend."

Leo tunakopa, kesho tutakopesha. Mgeni akauliza, kumkopesha nani? Mama akaelekeza kidole safu za nyuma, walikokaa wasichana wasiokuwa na hata sindano. Mjomba akarudi kukaa, anatabasamu. Cherehani mpya ilipofika, wasichana wale walikuwa wa kwanza kuiazima.

Miaka mingi nilijivuna kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mama Kiingereza. Mpaka ilipokuja posa yangu. Wageni walikaa ukumbini, wakauliza kama nimeridhia, na mjomba, kama ilivyo desturi, akafungua mdomo. Mama akamwekea mkono gotini.

"Mwache. Mdomo anao."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Hapo ndipo nilipojua ni kitu gani alichokuwa akikivuta siku ile mbele ya watu: sauti yake mwenyewe. Viganja vyangu vikajikunja, kama vimeshika kamba ya usumba, nikajibu mwenyewe, kwa sauti ya kufika chini kichochoroni.